Shajara ya mradi: kuipima 2^67 − 1 kwa kalamu na daftari

Namba tunayoishughulikia ni 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Zidisha mbili 67 zenyewe kwa zenyewe, toa 1, unaipata. Ukitaka kuisema kwa mdomo, ni bilioni mara bilioni, kisha mara 147 na nusu na zaidi kidogo.

Mradi ni wa klabu ya hisabati ya shule ya sekondari, baada ya vipindi. Tumekubaliana kwamba kila jambo linalosemwa kuhusu namba hii tutalihakiki wenyewe kwa zana ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili tayari anazo: kuzidisha, kugawa na kuchukua baki, vipeo, namba tasa na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Kompyuta inaingia baadaye, kuthibitisha tu. Naandika shajara hii ili klabu nyingine itakayotaka kupita njia hii ikute hesabu zenyewe na si majibu matupu.

Februari. Namba hii imetoka wapi

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo. Alisema 2 ikipandishwa kwa kipeo kilichomo humo, kisha ikatolewa 1, inazaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alisema pia kwamba mpaka kufika 257 hakuna kipeo kingine cha namna hiyo. Orodha ina dosari tano. Vipeo 61, 89 na 107 vilitakiwa viwemo na havimo. 67 na 257 vimo na havistahili. Ilibidi ifike mwaka 1947 ndipo orodha nzima ikawa imehakikiwa.

Wapo wanaodhani kwamba 67 ni 61 iliyoharibiwa na mchapaji. Dhana hiyo inavutia, lakini 89 na 107 nazo zinakosekana, kwa hiyo mchapaji peke yake hawezi kubebeshwa orodha hii.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa. Hakuonyesha inagawanyika kwa ngapi. Ikapita miaka 27 ambamo wanahisabati walijua namba hii ina vigawo na hakuna aliyeweza kutaja hata kimoja. Ndipo tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani, Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia akavitaja vyote viwili: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Nilipoisimulia habari hii darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza: “Mwalimu, mtu anajuaje kwamba namba inagawanyika kama hajui inagawanyika kwa ngapi?” Swali hilo ndilo lililotuanzishia mradi. Jibu lake limechukua kurasa nyingi za daftari, na sehemu kubwa ya shajara hii ni hilo jibu.

Februari, mwishoni. Kuzidisha

Tulianza na kazi rahisi kuliko zote, kuhakikisha kwamba Cole alisema kweli. Namba ndefu tuliikata vipande vya tarakimu tatutatu: 761, 838, 257, 287. Kila kipande kikazidishwa kwa kigawo kidogo.

193,707,721 × 287 = 55,594,115,927
193,707,721 × 257 = 49,782,884,297
193,707,721 × 838 = 162,327,070,198
193,707,721 × 761 = 147,411,575,681

Kisha kila mstari unasogezwa kushoto nafasi tatu kuuzidi uliotangulia, na yote inajumlishwa:

55,594,115,927
49,782,884,297,000
162,327,070,198,000,000
147,411,575,681,000,000,000

Jumla ni 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu zote 21 mahali pake. Daftari la mistari linatosha, ila liweke upana, yaani ulalo, la sivyo mistari inakatika.

Kwa anayetaka kinga ya ziada kuna kugawa kwa 9 na kwa 11. Jumla ya tarakimu za kigawo kidogo ni 37, za kikubwa 64, za zao 109. Zote zikigawanywa kwa 9 zinabakiza 1, na 1 mara 1 ni 1, kwa hiyo hesabu inakubali, ingawa ushahidi wenyewe ni mwepesi. Kwa 11 ushahidi una uzito zaidi: kidogo kinabakiza 9, kikubwa 8, zao 6, na 9 mara 8 ni 72, ambayo inabakiza 6.

Inasimuliwa kwamba siku ile Cole hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akakokotoa 2^67 − 1, akahamia upande wa pili, akazidisha namba zake mbili, majibu yakalingana, akarudi kukaa huku ukumbi ukimpigia makofi. Simulizi hii ilienezwa miaka mingi baadaye na Eric Temple Bell, mwandishi aliyependa kunogesha habari za wanahisabati. Naipenda hata hivyo. Baada ya kuzifanya hesabu zile nne kwa mkono wangu, naona kabisa kwamba mtu anaweza kuzimaliza ubaoni bila kueleza chochote na kila aliyeketi akaridhika.

Machi. Kigawo lazima kiwe na sura gani

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine.

Chukua namba tasa yoyote witiri, uiite t. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila ukiivuka t chukua baki. Kwa 7 unapata 1, 2, 4, halafu 1 tena: mzunguko una hatua 3. Kwa 23 unapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1: hatua 11. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliandika kanuni ambayo kwa lugha ya darasa letu ni hii: urefu wa mzunguko siku zote unaigawanya t − 1. Hatua 3 zinaigawanya 6, hatua 11 zinaigawanya 22.

Sasa tuseme t inaigawanya 2^67 − 1. Maana yake 2^67 ikigawanywa kwa t inabakiza 1, yaani baada ya hatua 67 tumerudi kwenye 1. Basi urefu wa mzunguko unaigawanya 67. Lakini 67 ni tasa. Urefu ni 1 au ni 67, na 1 haiwezekani, kwa sababu ingelazimu 2 yenyewe ibakize 1. Kwa hiyo ni 67, na kwa kanuni ya Fermat 67 inaigawanya t − 1. Tena t ni witiri, t − 1 ni shufwa, hivyo t − 1 ni kigawe cha 134.

Kila kigawo tasa cha namba yetu, basi, ni 134 mara kitu, jumlisha 1. Tukavipima vigawo vya Cole:

193,707,721 = 134 × 1,445,580 + 1
761,838,257,287 = 134 × 5,685,360,129 + 1

Darasa lilinyamaza kidogo baki ya 1 ilipotokea mara ya pili.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2^67 inabakiza 1, basi 2^68 inabakiza 2. Lakini 2^68 ni mraba wa 2^34. Kwa hiyo ukigawa kwa t ipo namba ambayo mraba wake unabakiza 2. Namba tasa witiri zinazokubali jambo hilo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Kigawo kidogo kinabakiza 1, kikubwa kinabakiza 7. Chujio hili linaondoa nusu ya wagombea waliosalia: katika 134k + 1, k ikigawanywa kwa 4 lazima ibakize 0 au 1.

Wagombea wa mwanzo ni 135, 537, 671, 1073, 1207, 1609. Watano wa kwanza wanaanguka papo hapo: 135 inagawanyika kwa 5, 537 ni 3 × 179, 671 ni 11 × 61, 1073 ni 29 × 37, 1207 ni 17 × 71. Wa sita, 1609, ni tasa, kwa hiyo anastahili kupimwa. Anayemfuata aliye tasa ni 3217. Hiyo nayo ina sifa yake katika habari hizi hizi, maana 2^3217 − 1 ni namba tasa, na Hans Riesel ndiye aliyeigundua kwa kompyuta huko Sweden mwaka 1957.

Machi, katikati. Kupima mgombea bila kuigusa namba yenyewe

Hakuna haja ya kuigawa namba ya tarakimu 21 kwa 1609. Tunapanda ngazi ya vipeo na kushusha kwa baki kila tunapoweza.

2^11 ni 2048, inabakiza 439.
2^22 ni mraba wa 439, yaani 192,721, inabakiza 1,250.
2^33 ni 1,250 × 439, yaani 548,750, inabakiza 81.
2^66 ni mraba wa 81, yaani 6,561, inabakiza 125.
2^67 inabakiza 250.

Ilitakiwa 1. Basi 1609 si kigawo, na hakuna namba katika hesabu hiyo iliyovuka tarakimu sita.

Kisha tukapanda ngazi ileile kwa namba ya Cole.

2^33 ni 8,589,934,592. Tukitoa 44 × 193,707,721, yaani 8,523,139,724, inabaki 66,794,868.

2^66 ni mraba wa 66,794,868, nao ni 4,461,554,391,137,424. Tuligawa kwa 193,707,721 kwa mkono, hatua kwa hatua, tukapata 23,032,403 na baki ya 96,853,861.

2^67 ni mara mbili ya baki hiyo: 193,707,722.

Itazame namba hiyo ya mwisho. Imekizidi kigawo kwa 1 kamili. Kwa hiyo 2^67 inabakiza 1, na 193,707,721 inaigawanya 2^67 − 1. Kilichohitajika ni mraba mmoja mkubwa na mgawanyo mmoja mrefu, vinavyoenea kwenye ukurasa mmoja. Nawasihi walimu wenzangu wawape wanafunzi hesabu hii. Baki inaposhuka tarakimu kwa tarakimu mpaka 96,853,861, halafu mtu akaizidisha kwa 2 akaona ile 2 ya mwisho mahali palipokuwa na 1, hahitaji tena kuaminishwa na mtu.

Aprili. Cole aliipataje

Kuhakiki kumetuchukua ukurasa. Kutafuta ni habari nyingine, na tulitaka kuona ukubwa wake.

Kuanzia k = 1 mpaka k = 1,445,580, wagombea waliopita machujio yote mawili ni 722,790. Tuseme mtu ana kasi ya ajabu na anapima mgombea mmoja kwa dakika. Hizo ni saa 12,046 na nusu. Akifanya kazi saa nane kila Jumapili, zinahitajika Jumapili zaidi ya 1,500, karibu miaka 29. Bell aliandika kwamba Cole alimwambia kazi ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Hata ukiwaondoa mapema wagombea wanaogawanyika kwa 3, 5, 7 na wenzao wadogo, kupima mmoja mmoja hakuingii katika miaka mitatu. Lazima alikuwa na njia nyingine.

Alitumia namba mraba. Namba yoyote witiri yenye vigawo viwili ni tofauti ya miraba miwili, na yetu ni:

381,015,982,504² − 380,822,274,783²

Namba ya kwanza ni nusu ya jumla ya vigawo, ya pili ni nusu ya tofauti yao. Ukiipata ya kwanza, umemaliza. Kuitafuta kwa kuhesabu moja moja kuanzia kipeuo cha pili cha namba yetu, ambacho ni kama bilioni 12.148, kunahitaji hatua zaidi ya bilioni 368. Hakuna maisha ya binadamu yanayotosha.

Lakini tayari tunajua sura ya vigawo. Kwa kuwa vyote viwili ni 134k + 1, na kimoja kikigawanywa kwa 8 kinabakiza 1 na kingine 7, inatoka kwamba namba inayotafutwa ina baki moja tu inayoruhusiwa ukigawa kwa 17,956, ambayo ni 134 mara 134. Hatua zinashuka kutoka bilioni 368 hadi kama milioni 20 na nusu. Wanafunzi wawili walilipata punguzo hili wenyewe kwa kufungua mabano ya (134a + 1)(134b + 1), na ndiyo siku niliyofurahi zaidi tangu tuanze.

Milioni 20 bado ni nyingi. Cole alizidi kubana kwa kutafuta namba ndogo ambazo, kama 2, ni baki ya mraba fulani ukigawa kwa vigawo anavyovitafuta. Kila namba ya namna hiyo inafukuza takriban nusu ya wagombea waliosalia. Ukizipata kumi, milioni 20 zinakuwa elfu 20 hivi. Hapo Jumapili za miaka mitatu zinaanza kueleweka.

Aprili, mwishoni. Je, vigawo vyenyewe ni tasa?

Hapa kazi ni fupi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kigawo cha kigawo ni kigawo cha namba nzima, na kwa hiyo nacho kinabanwa na machujio yaleyale. Kipeuo cha pili cha 193,707,721 kiko chini kidogo ya 13,918. Wagombea wa sura inayotakiwa mpaka hapo ni 51 tu, na wengi wao si tasa. Tuliwamaliza kwa mkono. Kwa 761,838,257,287 kipeuo ni kati ya 872,833 na 872,834, na wagombea ni 3,257. Hao tuliiachia kompyuta. Hakuna anayegawanya. Namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, yenyewe, na hivyo viwili.

Mei. Kompyuta

Kikokotozi cha kawaida hakina nafasi ya tarakimu 21. Excel inashika 15 za mwanzo na kuandika 147,573,952,589,676,000,000. Kitu kizuri zaidi kilitokea kwenye Java, lugha ya kuandikia programu. Aina yake ya namba nzima inayoitwa long ina biti 64, na namba yetu kwa mfumo wa jozi ni moja 67 zilizopangwa mfululizo, bila sifuri hata moja. Zidisha vigawo vya Cole humo, jibu linatoka −1. Si ajali. Namba yetu ni 8 × 2^64 − 1. Mashine inatupa kila kilicho kigawe cha 2^64, na kinachosalia ni hiyo −1. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha darasani namna namba inavyofurika ndani ya mashine, sijui mfano safi kuliko huu.

Python haina kikomo hicho. Tuliiandikia programu fupi iwapime wagombea wote 722,790 kwa mpangilio, ikawapitia kwa sekunde chache na kusimama kwenye 193,707,721, wa kwanza kukubali.

Mei, katikati. Jaribio ambalo namba hii inalidanganya

Tumerudi kwenye swali la kujua bila kugawanya. Kanuni ya Fermat inasema: ikiwa n ni tasa, basi msingi wowote usiogawanyika kwa n, ukipandishwa kwa kipeo cha n − 1, unabakiza 1. Ukikuta msingi mmoja unaobakiza kitu kingine, n si tasa. Hukutaja kigawo chochote, na huna shaka yoyote.

Namba yetu ukiijaribu kwa msingi wa 2 inajibu 1, kana kwamba ni tasa. Sababu ni nzuri. Toa 1 kwenye namba yetu, gawa kwa 67:

147,573,952,589,676,412,926 = 67 × 2,202,596,307,308,603,178

Hakuna baki, maana 67 ni tasa na kanuni ya Fermat inailazimisha 2^67 − 2 igawanyike kwa 67. Na 2^67 inabakiza 1 mbele ya namba yetu kwa kuzaliwa. Kwa hiyo kipeo chochote ambacho ni kigawe cha 67 kinabakiza 1 pia. Namba zote za Mersenne, yaani 2 iliyopandishwa kwa kipeo kisha ikatolewa 1, zenye kipeo tasa zinalipita jaribio la msingi wa 2, ziwe tasa zisiwe.

Tulipobadilisha msingi tukaweka 3, namba ilikataliwa. Mwanafunzi aliyeuliza swali la mwanzo akataka kujua ni misingi mingapi inayodanganywa. Inahesabika kamili kwa KKS. KKS ya 193,707,720 na 761,838,257,286 ni 1,206: zote zina 134, na sehemu zinazosalia, 1,445,580 na 5,685,360,129, zinashirikiana 9 peke yake. Misingi inayodanganywa ni 1,206 × 1,206, yaani 1,454,436. Kati ya bilioni mara bilioni mara 147, ni hiyo tu. Ukichagua msingi kwa kubahatisha, nafasi ya kudanganywa ni moja katika trilioni mia moja na kitu. Na 2, msingi ambao kila mtu angeanza nao, ni mmojawapo.

Juni. Njia ya Lucas

Lucas alitumia jaribio la namna nyingine, lililokusudiwa namba hizi za Mersenne. Derrick Henry Lehmer alilinyoosha mwaka 1930 likawa fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki kwa namba unayoipima. Rudia mara zilizo pungufu ya kipeo kwa mbili. Ukiishia na 0, namba ni tasa. Ukiishia na kingine chochote, si tasa.

Kwa 2^7 − 1, yaani 127: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa. (67 imechomoza katikati, na darasa halikuiacha ipite kimya.)

Kwa 2^11 − 1, yaani 2047: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Si sifuri, kwa hiyo 2047 si tasa. Hakuna mahali katika mstari huo panapoonyesha 23 wala 89, vigawo vyake halisi.

Kwa namba yetu hatua ni 65, kila moja ikiwa mraba wa namba inayofika tarakimu 21. Kinachorahisisha ni kwamba ndani ya mfumo wa jozi hakuna kugawa: unakata biti 67 za kulia, unazijumlisha na zilizosalia kushoto, basi, hiyo ndiyo baki. Klabu imegawana kurasa, kila kundi linakabidhi baki yake kwa linalofuata, na hakuna anayepokea kabla ya kuhakiki kwa 9 na kwa 11. Kazi hii inaendelea.

Juni, mwishoni. Namba kamilifu iliyokosekana

6 ni namba kamilifu: vigawo vyake bila yenyewe, 1, 2 na 3, vinajumlishwa kuwa 6. Zinazofuata ni 28, 496 na 8,128. Euclid alithibitisha kwamba kila namba tasa ya sura ya 2^n − 1 ikizidishwa kwa 2^(n − 1) inazaa namba kamilifu. Kwa hiyo orodha ya Mersenne ilikuwa pia orodha ya namba kamilifu, na alipoitia 67 alidai kwamba 2^66 × (2^67 − 1) ni mojawapo.

Tulianza na mfano mdogo. 2^10 × 2047 ni 2,096,128. Vigawo vyake vyote, pamoja na yenyewe, vinajumlishwa kuwa 4,421,520. Kama ingekuwa kamilifu jumla ingekuwa mara mbili yake, 4,192,256. Ziada ni 229,264, ambayo ni 2047 × 112, na 112 ni 23 + 89.

Mpangilio ni uleule kwa namba kubwa. Jumla ya vigawo vya 2^67 − 1 ni 147,573,953,351,708,377,936, ambayo imeizidi 2^67 kwa 762,031,965,008, yaani jumla ya vigawo viwili vya Cole. Ziada ya ile iliyodhaniwa kamilifu ni 2^67 − 1 ikizidishwa kwa 762,031,965,008. Ni namba ya kutisha kuiandika, lakini ilinganishe na namba yenyewe. Kwa 2^10 × 2047 ziada ilikuwa zaidi ya sehemu ya kumi ya namba. Kwa hii ya Mersenne ni sehemu moja katika milioni 97 hivi.